Njia ya kuufikia ujaji wa haki za binadamu: jibu kwa mwanafunzi wa sheria wa Dodoma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana kutoka Kondoa, niko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria hapa Dodoma. Natamani siku moja niwe jaji wa mahakama ya kimataifa ya haki za binadamu, kama ile ya Arusha. Baba ananishauri niombe uhakimu kwanza. Wenzangu wananiambia uhakimu utanipotezea muda, nitafute kazi kwenye mashirika ya haki za binadamu. Nani yuko sahihi? Mshahara ukoje, na je, ni lazima nijue Kifaransa? Na hivi kweli jaji Mtanzania anaweza kukaa pale Arusha akaihukumu Tanzania?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali zito umeliweka mwishoni kana kwamba ni la kuongezea tu, nami nitaanza nalo, kwa kuwa ukishalielewa hilo, ushauri wa baba yako na wa wenzako utaweza kuupima mwenyewe.

Jibu lake fupi ni hapana. Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopitishwa Ouagadougou mwezi Juni 1998 na kuanza kutumika Januari 2004, inaeleza katika Ibara ya 22 kwamba jaji ambaye ni raia wa nchi iliyo mdaawa, yaani upande mmojawapo katika shauri, hatalisikiliza shauri hilo. Si mahakama zote zinazofanya hivyo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, huhakikisha kwamba jaji aliyechaguliwa kwa nchi inayoshtakiwa anakuwemo katika jopo, ili wenzake wawe na mtu anayezifahamu sheria za nchi hiyo kwa undani. Sisi Waafrika tuliona ni salama zaidi kumweka kando, na mimi nakubaliana na uamuzi huo, ingawa una gharama yake: Tanzania ndiyo nchi iliyoshtakiwa mara nyingi kuliko nyingine zote katika mahakama ile, na katika mashauri yote hayo jaji pekee anayeijua Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai bila kuelezwa na mtu hakuwemo chumbani.

Ili uone ibara hiyo inavyofanya kazi, fuatilia shauri moja ambalo lilizaliwa hapa hapa Dodoma. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma, akipinga, pamoja na mambo mengine, sharti la kwamba anayetaka kugombea uongozi awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Jaji Kahwa Lugakingira alisoma hukumu tarehe 24 Oktoba 1994 na kutamka kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa kushindana na wagombea wa vyama. Hata hivyo, kabla hukumu haijasomwa Serikali ilikuwa imekwishawasilisha muswada wa kubadili Katiba, na ilipofika Desemba Bunge likaupitisha, ukawa Sheria Na. 34 ya mwaka 1994. Ushindi wa Mtikila ukabaki kwenye karatasi. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, ikampa haki kwa mara ya pili. Serikali ikakata rufani, na tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, jopo likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na linapaswa kumalizwa na Bunge.

Mwaka huohuo wa 2010 Ramadhani alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika. Mwaka 2011 Chama cha Wanasheria Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Mchungaji Mtikila mwenyewe wakalipeleka suala lilelile Arusha. Ramadhani hakuketi. Uraia wake ulitosha kumwondoa, na hata kama angekuwa raia wa nchi nyingine, Ibara ya 17 ingemzuia, kwa kuwa inamkataza jaji kusikiliza jambo ambalo aliwahi kushiriki akiwa wakili wa upande mmoja au mjumbe wa mahakama ya kitaifa. Hukumu ilitolewa tarehe 14 Juni 2013, na Tanzania ikaonekana imekiuka haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, uhuru wa kujumuika na usawa mbele ya sheria. Yale ambayo Mahakama ya Rufani iliyakabidhi kwa Bunge, majaji wa Arusha waliyasema ni haki ambayo wingi wa kura bungeni hauwezi kuifuta.

Mwaka 2014 majaji hao walimchagua Ramadhani kuwa Rais wao. Wengi wao walikuwa wametia saini hukumu iliyokwenda kinyume kabisa na ile iliyobeba jina lake, na bado wakaona anafaa kuwaongoza. Mwanafunzi akiniuliza jaji wa kimataifa ni mtu wa namna gani, mfano wa kwanza ninaompa ni huu, maana jaji hapimwi kwa kuwa maoni yake yalishinda. Hupimwa kwa jinsi alivyozitoa sababu zake, na kwa kutoka chumbani pale kanuni inapomtaka atoke. Niongeze, ili usidhani namchora malaika, kwamba mwaka 2015, akiwa bado Rais wa Mahakama, alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais wa nchi. Ibara ya 18 ya Itifaki inasema ujaji hauendani na shughuli yoyote inayoweza kuingilia uhuru wa jaji au kutopendelea kwake. Wapo waliokuwa na hoja za kumtetea. Mimi hazikunishawishi, kwani anayeomba tiketi ya chama kinachounda Serikali, huku akiongoza mahakama ambako Serikali hiyo inashtakiwa kila mwaka, anawapa walalamikaji sababu ya kutia shaka hata kama moyoni hana doa.

Nimekwenda mbali na barua yako kwa makusudi. Kazi unayoitamani haina ngazi ya kupanda kwa kuomba nafasi, kuandika barua na kuitwa kwenye usaili. Mahakama ya Afrika ina majaji 11 kwa bara zima, na hakuna nchi inayoruhusiwa kuwa na majaji wawili kwa wakati mmoja. Kwa mgawanyo unaofuatwa na Umoja wa Afrika, kanda ya magharibi ina viti vitatu na kila kanda nyingine viwili, kwa hiyo Afrika Mashariki yote, kuanzia kwetu hadi pembe ya Somalia, inagombania viti viwili. Kipindi ni miaka sita, na jaji anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Wanaopendekeza majina ni Serikali za nchi wanachama wa Itifaki. Kila moja inaweza kupendekeza hadi watu watatu, angalau wawili kati yao wakiwa raia wake, na inatakiwa izingatie uwiano wa jinsia. Kisha kura ya siri hupigwa katika vikao vya Umoja wa Afrika, na hapo diplomasia na urafiki wa nchi huingia kwa nguvu ileile inayoingia katika uchaguzi wa nafasi nyingine yoyote ya kimataifa.

Kwa maneno mengine, jina lako litaanzia ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita chache kutoka unakoishi, na Itifaki haiilazimu Serikali kuitangaza nafasi hiyo hadharani. Huo ni udhaifu wa mfumo, na nausema wazi kwa sababu vijana wengi huhangaika kukusanya vyeti wakidhani vyeti ndivyo vitakavyowachagua. Ulicho na uwezo nacho ni kuhakikisha kwamba siku maofisa wa Mtumba wanapokaa kutafuta mwanasheria mwenye tabia njema na uzoefu unaotambulika katika haki za binadamu (sifa hizo ziko katika Ibara ya 11), kazi zako ziwe zinajulikana kiasi kwamba kukuacha nje kutahitaji maelezo.

Basi baba yako na wenzako, nani yuko sahihi? Ibara hiyohiyo ya 11 inataja uzoefu wa aina tatu: wa kiutendaji, wa kimahakama na wa kitaaluma, na historia ya mahakama imefuata maneno hayo. Rais wa kwanza, Gérard Niyungeko wa Burundi, alikuwa profesa wa sheria. Sylvain Oré wa Côte d'Ivoire alitoka katika uwakili. Ben Kioko wa Kenya alikuwa mshauri wa sheria wa Umoja wa Afrika. Sophia Akuffo wa Ghana alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake, na baada ya kutoka Arusha akawa Jaji Mkuu huko kwao. Mtanzania mwenzetu Imani Daud Aboud, aliyeingia mwaka 2018 na kuwa Rais wa Mahakama kuanzia 2021 hadi 2025, alitoka katika ujaji wa Mahakama Kuu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika pale akiwa hajatambulika kwanza katika kazi ya sheria aliyokuwa akiifanya.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi, kwa Mtanzania namuunga mkono baba yako, na sababu yangu inatoka ndani ya majalada yenyewe. Sehemu kubwa ya mashauri dhidi ya Tanzania yaliletwa na wafungwa, wengi wakiwa hawana mawakili, wakilalamikia jinsi kesi zao za jinai zilivyoendeshwa. Chukua shauri la Alex Thomas, lililoamuliwa tarehe 20 Novemba 2015. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika Mahakama ya Wilaya ya Rombo na akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Hakuwa na wakili. Ulipofika wakati wa kujitetea alikuwa mgonjwa hospitalini, na kesi ikaendelea hadi hukumu bila utetezi wake kusikilizwa. Serikali ilijibu Arusha kwamba hakuomba msaada wa kisheria. Majaji walisema kwamba kwa kosa lenye adhabu nzito kiasi hicho, ilikuwa wajibu wa Serikali kumpatia wakili hata kama hakufungua mdomo kuomba, na kwamba kumhukumu bila kusikia utetezi wake kulikiuka Ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Fikiria sasa jaji anayelisoma jalada hilo miaka mingi baadaye. Hashuhudii mtu akilia kizimbani, wala hasikii ushahidi upya. Ana mwenendo wa shauri tu: mistari iliyoandikwa na hakimu wa wilaya aliyekuwa na kesi nyingi siku hiyo, tarehe za maahirisho, sahihi na mihuri. Anapaswa kutambua mahali haki ilipoponyoka katika karatasi ambazo juu juu zinaonekana ziko sawasawa. Mtu aliyewahi kuwa hakimu anajua maahirisho ya kawaida yanaandikwaje, anajua hakimu anasukumwa na nini anapoamua kuendelea bila mshtakiwa, na anajua pia kwamba mahakama ya juu haipaswi kugeuka mahakama ya rufani ya nne, ikipima upya kila ushahidi uliokwishapimwa. Ujuzi huo hupatikana kwa kukalia kiti, na semina haziwezi kuuziba pengo lake. Nimefundisha vijana wenye Kiingereza cha kupendeza na shahada za pili kutoka ng'ambo ambao, ukiwapa jalada la Mahakama ya Mwanzo, hawajui waanzie ukurasa gani.

Wenzako nao wana jambo moja la kweli. Uhakimu pekee, bila kuandika na bila kuzisoma sheria za nje, unaweza kukufunika ukawa mtumishi mwaminifu ambaye hakuna anayemjua nje ya wilaya yake. Shauri la Mtikila lisingefika Arusha bila Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika, na waliolibeba walijifunza pale mambo ambayo hakimu wa Kondoa hawezi kuyapata. Ushauri wangu ni kwamba mashirika yawe shule yako ya miaka michache ya mwanzo, au ya likizo, na kazi ya mahakama au ya uwakili iwe uti wa mgongo wako.

Kwa utaratibu wa nchini, ukimaliza shahada utahitaji kupita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kusajiliwa wakili au kuajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ibara ya 109 ya Katiba inataka, kwa kawaida, mtu awe na sifa hizo kwa muda usiopungua miaka kumi kabla Rais hajamteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Jumlisha na miaka ya kazi itakayofuata, utaona kwa nini wengi wanaofika Arusha wamevuka miaka hamsini. Tamaa yako haina kosa, lakini usiifanye ikuchoshe na kazi ya leo.

Una bahati ya mahali. Makao makuu ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora yako hapa Dodoma, Makao Makuu ya Mahakama yamehamia hapa, na Mahakama Kuu inasikiliza kesi mlango wazi; nenda ukakae nyuma, sikiliza jinsi jaji anavyomwuliza shahidi. Hukumu ya Jaji Lugakingira imechapishwa katika Tanzania Law Reports za mwaka 1995, ukurasa wa 31. Isome kwanza, kisha ile ya Mahakama ya Rufani ya 2010, kisha ile ya Arusha ya 2013 pamoja na maoni ya pekee ambayo baadhi ya majaji waliyaandika. Utakuwa umesoma suala moja likitazamwa kwa macho matatu, na nakuhakikishia utaelewa kazi ya ujaji kuliko kwa kusoma vitabu vitano vya nadharia. Chuo chako pia kinaweza kupeleka timu katika mashindano ya Afrika ya mahakama ya kuigiza kuhusu haki za binadamu, yanayofanyika tangu 1992, na Chuo Kikuu cha Pretoria kinatoa shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika ambayo wahitimu wake utawakuta karibu kila taasisi ya haki ya bara hili.

Lipo jambo moja ambalo pengine hujaambiwa. Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania iliwasilisha notisi ya kuondoa tamko lake la Ibara ya 34(6) ya Itifaki, ambalo iliweka mwaka 2010 na ambalo ndilo lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja. Kuondolewa huko kulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Nchi yetu bado ni mwanachama wa Itifaki, bado inaweza kupendekeza majaji, na kesi zilizofunguliwa kabla ya hapo ziliendelea. Wiki moja tu baada ya notisi, mahakama ilitoa hukumu ya Ally Rajabu na wenzake, ikisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka haki ya kuishi. Lakini Mtanzania wa leo mwenye malalamiko kama ya Alex Thomas hana tena mlango wa kupita peke yake. Rwanda ilikuwa imekwishatangulia, na Benin na Côte d'Ivoire zikafuata. Jaji Aboud aliiongoza mahakama katika kipindi kilichofuata, nchi yake ikiwa mwenyeji wa jengo na wakati huohuo imewafungia wananchi wake mlango. Ukiingia katika kazi hii ujue kwamba hukumu zako zitasomwa na Serikali zenye uwezo wa kuondoka, na kwamba kishawishi cha kupunguza makali ya hukumu ili zisiondoke kitakuja kikiwa kimevaa nguo za busara.

Usichanganye taasisi za Arusha, maana hata mawakili huzichanganya. Mahakama ya Jinai ya Kimataifa kwa Rwanda, alikokaa Jaji William Sekule wa Tanzania, ilihukumu watu na siyo nchi, na ilifungwa mwishoni mwa 2015. Mahakama ya Afrika Mashariki inatafsiri Mkataba wa Jumuiya. Haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, ingawa tangu shauri la Katabazi la mwaka 2007 imekuwa ikizigusa kupitia utawala wa sheria. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ina majaji 18 wa kipindi kimoja cha miaka tisa.

Kuhusu mshahara, fahamu kwamba katika Mahakama ya Afrika ni Rais peke yake anayefanya kazi kwa muda wote na kuishi Arusha. Wengine kumi wanakuja kwa vikao, ambavyo vya kawaida ni vinne kwa mwaka, wanalipwa posho na stahili za kazi hiyo, na wanaporudi kwao wanaendelea na uprofesa, uwakili au ujaji wao. Anayeutafuta ujaji huu kama ajira ya kumlisha maisha yote atakuwa amekosea hesabu.

Na Kifaransa: kisheria si lazima, kwa kuwa vikao vina wakalimani na hukumu hutolewa kwa Kiingereza pia. Lakini majaji wanapokaa faraghani kujadili rasimu, kila neno la aya lina uzito, na nusu ya wenzako mezani wamesomea sheria Dakar, Abidjan, Tunis au Yaoundé, wakiwa na namna yao ya kujenga hoja ambayo tafsiri huilainisha. Anayewasoma katika lugha yao anashiriki mjadala kamili. Anza sasa, kabla masomo ya Taasisi hayajakula muda wako wote, na usome hukumu zilezile ninazokutajia katika matoleo yote mawili, Kiingereza mkono huu na Kifaransa mkono ule.